Jasho la Chuma

Wiki ya pili ya Novemba, Thunder Bay,
kabla kufuli halijaganda kwenye tumbuu,
nafungua banda la marehemu Toivo.
Halina jiko, halina waya wa umeme.
Lina mbao, na dirisha la nailoni
linalopumua kila upepo ukipita.

Mjane wake, Aune Lehtinen, aliniambia mapema:
"Usiiogope baridi. Baridi haili chuma.
Iogope siku ya joto katikati ya Machi."
Sikumsikia.
Mimi, fundi wa Korogwe, mwana wa fundi,
nifundishwe kutu?

Basi Machi ile, theluji ilipoanza kudondoka mapaani,
nikaufungua mlango wazi, kwa huruma tu,
randa nazo zipate jua.
Hewa ya vuguvugu ikaingia kama mgeni mwenye viatu vya tope,
ikakikuta chuma kingali na usiku wa miezi minne ndani yake,
na chuma kikatoka jasho.
Nilikiona kwa macho: matone madogo, madogo,
kama paji la mtu aliyeulizwa swali mbele za watu.
Jioni nikafuta. Nilidhani nimefuta.
Siku ya tatu patasi zote kumi na moja
zilikuwa zimeota ndevu nyekundu.

Aune hakunicheka. Alileta msasa
na siki ndani ya mkebe wa kahawa.
Tukakalia ndoo zilizopinduliwa, tukasugua
mpaka vidole vikawa rangi ya matofali.

Sasa naanza na vumbi la mbao, maana hunywa maji.
Halafu mafuta, utando mwembamba,
mwembamba hata mkono usijue kama upo.
Msumeno naupaka nta ya nyuki, jino baada ya jino.
Wala sigusi bapa kwa kidole kitupu:
kidole changu kina chumvi ya kutosha
kuandika jina langu juu ya chuma,
na kutu italisoma kwa sauti.

Mwisho Aune hufungua kijaluba cha bati,
hutoa vipande vyeupe,
kimoja kila droo.
Kafuri.
Mwaka wa kwanza nilirudi nyuma hatua mbili.
"Una nini?"
Nikatafuta Kiingereza, nikakipata nusu:
"Harufu hii, kwetu, ni ya maiti."
Akanusa. Akafikiri.
"Kwetu," akasema, "ni ya droo."

Baba alifariki Januari,
kibali changu kikiwa juu ya meza ya mtu, sijui meza gani.
Wengine walimwosha.
Wengine walimtia kafuri kwenye paji, puani, viganjani, magotini.
Mimi nilishika simu jikoni, nikasikia maji yakimwagika,
au labda ni mtandao uliokuwa ukikatika.
Dada yangu Mwantumu akanitumia randa yake
katika begi la mtu wa Mombo aliyekuja Toronto.
Mpini umebonyea pale gumba lake lilipokaa.
Gumba langu linapwaya.

Hiyo huwa ya mwisho.
Naifungua, natoa bapa, naliosha kwa spiriti,
nalipaka mafuta kutoka kichwani kwenda chini,
naweka kipande cha kafuri pale gumba lilipobonyeza,
naviringisha vitambaa vitatu vyeupe.
Sikupanga vitatu.
Shuka la zamani lilichanika hivyo.
Aune hushika taa. Haulizi.

Mlango tutaufungua Aprili,
upana wa kiganja,
kesho yake viganja viwili,
chuma kipate habari kidogo kidogo.

Natia kufuli.
Ufunguo nao ni chuma.
Naurudisha mfukoni
umelowa mkono wangu.