Mbwa wa Vinko

Hakuwa wangu. Tuanze na hilo.
Alikuwa wa Vinko, wa buti za Vinko,
wa kiti cha Vinko kando ya jiko la vigae,
na mimi nilikuwa yule mama anayefagia manyoya.
Miaka kumi na miwili tuliishi nyumba moja, mimi na Murko,
kama wapangaji wawili wanaogombea choo.

Vinko tulimzika Februari,
ardhi ya Ptuj ngumu kama kwato.
Machi, Murko akashindwa na kizingiti.
Miguu ya nyuma ilimfuata
kama mizigo ya mtu mwingine.

Daktari alitoa vidonge: nusu asubuhi, nusu jioni.
Kisha akaja Tjaša, binti wa miaka ishirini na kitu,
kipini puani, mkeka begani,
akasema mnyama si mfupa peke yake,
ni mfupa na sakafu na chakula na huzuni.
Nikamtazama. Euro thelathini na tano kwa saa.
"Huzuni ya nani?" nikamwuliza.
Hakujibu. Alikuwa ameshapiga magoti.

Vigae vinateleza, alisema, tandika zulia.
Nikatandika lile la sebuleni,
lile ambalo marehemu alikatazwa kulikanyaga.
Bakuli liinuliwe, shingo isihangaike.
Taulo lipashwe moto,
ulijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako
kama maziwa ya mtoto.
"Bila mafuta, Bibi Zdenka. Mikono mitupu."
Uti wa mgongo usiubonyeze; pita kando yake,
kama mtu anayefuata mto bila kutaka kulowa.
Viduara vidogo. Uzito wa sarafu, si zaidi.
Akigeuza kichwa, akijilamba midomo,
akipiga miayo ya uongo,
amesema basi. Na basi ni basi.

Mikono yangu hii
ilishona viatu miaka thelathini na mmoja kiwandani.
Ngozi ninaijua: inapokubali sindano, inapoikataa,
inaponuka mvua hata ikiwa kavu.
Lakini ngozi ile haikuwahi kugeuka kunitazama.

Siku ya kwanza alinguruma.
Siku ya pili nami nikanguruma.
Ya tano, au ya sita, nikakuta fundo nyuma ya bega la kushoto,
gumu, dogo kama mbegu ya boga.
Sikulisukuma. Niliweka kidole pale, nikakiacha,
nikahesabu pumzi zake, nikakosea, nikaanza upya.
Likalegea.
Akashusha pumzi ndefu, ile ile
aliyokuwa akiishusha mwenzake akivua buti ya pili,
na mimi pale sakafuni nikajua
kwamba mkono wangu haukuwa umegusa kiumbe chenye joto
tangu Februari.
Au tangu kabla ya Februari. Tusiongopeane.

Hajapona. Asikudanganye mtu.
Ngazi nambeba, kilo kumi na moja,
moyo wake ukigonga kiganjani mwangu
kama mgeni asiye na hakika na nyumba.
Juzi alilikojolea zulia lile lile.
Nikafua, nikanung'unika, nikapasha taulo.

Leo, tulipomaliza, sikuinuka.
Magoti yangu nayo yana yao.
Mkono ulilala wazi juu ya zulia:
hauna nyama,
hauna kidonge kilichofichwa ndani ya jibini,
hauna kitu.
Akausogelea. Akaunusa kidole kwa kidole
kama karani anayehakiki stakabadhi.
Kisha akaulamba,
mtupu vile vile ulivyokuwa.

Pengine ni chumvi tu.
Tjaša angesema si chumvi.
Sitamwuliza. Saa yake ni euro thelathini na tano.