Kipande cha Saba

Kwenye ramani ni urefu wa kidole changu cha shahada,
kutoka soko la Bagira hadi kisima cha Cirunga.
Wenzetu walipewa msitu, walipewa kingo za ziwa.
Sisi tulipewa kipande cha saba cha njia ndefu:
kilomita kumi na tisa za utelezi na migomba
na mbwa wasiopenda majoho ya mvua.

Tulikuwa watatu. Mushamuka,
aliyewahi kupima mashamba ya chai, goti lake la kushoto
likijua mvua kabla ya redio;
Cibalonza, mwalimu wa jiografia, na daftari la miraba;
na mimi, mbeba kopo la rangi.
Kipimo chetu: gurudumu la baiskeli
lenye kitambaa kwenye njiti moja.
Kitambaa kikigusa ardhi, mtu anataja namba.
Mita mbili na sentimita saba, kila mara.
Tulifika elfu mbili mia nne na kitu
Mushamuka akapiga chafya,
tukatazamana.
Tukarudi sokoni, tukaanza na moja.

Rangi ilikuwa nyekundu. Hatukuichagua;
dukani ilibaki hiyo tu, kwa bei ya kumaliza.
Nilipaka upana wa kiganja kwenye jiwe,
kiganja kwenye nguzo ya umeme usiokuja,
kiganja kwenye kona ya nyumba ya Mama M'Cirhuza,
maana hapo njia inagawanyika,
na mgeni akikosea anaishia chooni kwake.

Kulipokucha vitanda vilikuwa nje.
Kabati nje. Kuku wamefungwa miguu.
Nusu ya mabati yameshashushwa, yamepangwa
makubwa chini, madogo juu.
Hakuna aliyelia. Ni watu waliowahi kuhama.
Mji huu, nyekundu ukutani husomwa namna moja:
wakubwa wamepita, nyumba ibomolewe.
Mimi sikupaka msalaba, nilipaka mstari mmoja,
lakini nani hukaa akingoja mstari wa pili?

"Nipe wiki tatu," akaniambia, salamu hakuna,
"maharage bado yana maua."

Siku ile hatukupima.
Mushamuka alipanda juu ya paa na goti lake,
Cibalonza alishika misumari kwa midomo
akawa kwa mara ya kwanza hasahihishi mtu.
Jioni, kwenye safu ya umbali, aliandika sifuri,
akaizungushia duara, sifuri ndani ya sifuri.

Ndipo mama akaleta sombe, akauliza:
"Hao watu wenu watabeba nini?"
Mifuko mgongoni, nikasema. Hema. Sufuria ndogo.
"Wanakwenda kuuza wapi?"
Hawauzi.
"Kuna msiba?"
Hakuna. Wanatembea tu, mama, kuona.
Akalamba kidole, akafikiri kwa muda mrefu.
"Basi wasipite hapo mlipochora.
Hapo Aprili panateremka. Mwaka juzi
palichukua jiko la jirani, na sufuria motoni."

Akatangulia, kandambili mkononi,
akatupitisha nyuma ya mikaratusi,
juu ya daraja la gogo moja, mahali maji
hutoka kwenye mwamba yakiwa safi, kidogo kidogo
kama mtu anayehesabu pesa zake.
Mizunguko mia nne na kumi zaidi ya ule mstari wetu.
Cibalonza akafuta, akafuta tena,
karatasi ikatoboka hapohapo penye mporomoko.

Alama mpya ni za buluu. Buluu ya mlango wake,
iliyobaki kwenye chupa ya mafuta.
Nyekundu ilikataa kutoka: aliisugua kwa mchanga,
kwa majivu, kwa mafuta ya taa,
imebaki waridi, kama kovu la moto.

Kwa hiyo, mgeni, ukifika kilomita ya sita
utaona beseni limetundikwa kwenye kona ya nyumba,
mvua au jua, halishushwi.
Usiulize limefunika nini.
Msalimie mwenyewe. Kata kushoto.