Mia Tisa Tisini na Saba

Mwezi wa saba, Newala, ukungu umelala hadi saa nne.
Bibi Somoe akalifungua kasha la baba yake, keya,
akatoa kitambaa cha rangi ya chai iliyomwagika,
kimejaa vifundo vyekundu, safu juu ya safu.

"Alimvua maiti, huko Bama. Akasema ni hirizi ya Kijapani.
Hakusema zaidi. Ila radi ikipiga
tulimkuta chini ya kitanda na bakora yake, kimya."

Mimi nililetwa nitafsiri. Sikupata kazi.
Mwalimu Chizuru, wa hesabu pale sekondari,
alikunja magoti mkekani, mikono asiinyooshe,
akasema kwa Kiswahili chake cha miaka miwili:

"Si hirizi tu. Kila fundo ni mwanamke.
Mama mtu anasimama stesheni na sindano na uzi,
anamwomba kila apitaye: dada, nifungie kimoja.
Vikitimia elfu, mwana anajifunga tumboni, risasi isimwone.
Bibi yangu alikuwa na miaka sita. Lakini kazaliwa
mwaka wa simbamarara, basi akaruhusiwa vifundo sita,
kimoja kwa kila mwaka. Alijivuna siku nzima.
Vita vikaisha. Wakaja askari wa kigeni na magari,
wakarusha peremende. Alizikimbilia, akaokota matopeni.
Uzeeni aliniambia: zilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuuma.
Viazi vitamu hakula tena mpaka tunamzika."

"Sisi ming'oko," Bibi akadakia. "Baba yuko Bama,
mama anachimba porini, mimi mgongoni nalia njaa.
Na maji Kitangari, kushuka na kupanda.
Hata leo ukinipikia ming'oko, nitakula.
Nitaiachaje? Ndiyo iliyonilea."
Wakacheka, halafu kicheko kikakosa pa kwenda.

Chizuru akaanza kuhesabu, kwa kidole kisichogusa.
Chai ikapoa. Jirani akaja kuomba chumvi, akakaa.
Jua likatoka, likafika mlangoni.
"Mia tisa tisini na saba," akasema. "Wanawake watatu hawapo."

"Ni vita hivyo," Bibi akajibu, akakikunja kitambaa.
Hakusema chukua. Mgeni hakusema nipe.

Nami nikaficha mikono chini ya mapaja.
Darasa la pili, siku ya homa, nilijifunga kile kitambaa kichwani
nikawa sultani, nikadokoa vifundo kwa ukucha,
kimoja, cha pili, cha tatu,
nyuzi nikazipulizia dirishani.