Mtoa Taarifa Namba Saba

Fomu ya ridhaa ina kurasa tatu.
Niliitoa nakala karibu na stendi ya zamani,
na ukurasa wa mwisho ukatoka na mstari mweusi
kama jicho lililotiwa wanja kwa haraka.

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Baiskeli mbili zimeegemea ukuta, moja haina tandiko.
Bi Mwantumu binti Kilua anapepeta mchele,
hanitazami.
"Wewe ndiye wa chuo?"
Ndimi, Bi. Nasoma shahada ya pili.
"Ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Utafiti wangu ni wa neno moja: stara.
Nililifuata kamusini, likanikimbiza
kwenye nguo, kwenye paa la nyumba, kwenye ndoa,
kwenye dua ya mtu aombaye afe kabla hajaumbuka.
Msimamizi wangu, Dakta Shekivuli, aliandika pembeni
kwa kalamu nyekundu: Fafanua.

Miaka thelathini na minne Bi Mwantumu anaosha maiti,
wanawake wa Chuda, wa Makorora, wa hapa hapa.
Niliweka kinasa sauti mkekani.
Akakisogeza kando ya mchele
kana kwamba nacho kingehesabu chuya.

Alisema mengi. Majani ya mkunazi, karafuumaiti,
namna ya kumgeuza mtu usiyeweza kumwambia "geuka".
Sauti yake ilikuwa sauti ya kazi.
Ila dakika ya arobaini na moja ulimi uliteleza:
bibi harusi fulani, siku ya saba ya ndoa,
na alichokiona chini ya kwapa lake la kushoto.
Akanyamaza. Ungo nao ukanyamaza.
"Hicho kidude kimesikia?"
Kimesikia, Bi.

Nyumbani nilikisikiliza mara tisa.
Sikufichi, msomaji: moyo ulinidunda kwa furaha.
Sura yangu ya nne, yote, ilikuwa pale.

Kanuni za maadili, kifungu cha sita:
jina la mtoa taarifa lifutwe, apewe namba;
taarifa itumike.
Nikarudi kumsomea.
Namba saba, Bi. Ni kwa kukulinda.

Akaweka ungo chini.
"Mtu akifa hapa, msikitini mwasikia nini?
Jina. Lake, la baba yake, na mtaa.
Kipaza sauti chalipeleka hadi sokoni.
Na mwili, nani autangaza?
Mimi natoka chumbani mikono imekauka,
nilichokiona nimekimwaga pamoja na maji.
Ninyi mwaficha jina, mwaanika mwili.
Mwanangu, stara hiyo mmeivaa ndani nje."

Nikataja kamati.
Akauliza kama yumo humo aliyewahi kuosha maiti.
Sikujua.
Waja leo waondoka leo, husema watu wa Tanga.
Siku zote nilidhani ni sifa ya mji.

Nikaifuta dakika ya arobaini na moja mbele yake.
"Umefuta?"
Nimefuta.
Hakuwa na njia ya kujua, akaniamini,
akaichukua kalamu,
na penye kisanduku cha namba
akaandika kwa herufi za Kiarabu, toka kulia,
polepole, ulimi umebanwa na meno,
Mwantumu binti Kilua.
Jina halikuenea. Lilivuka mstari,
likapanda juu ya nembo ya chuo.

Nimefika Barabara ya Nane ndipo nikakumbuka
nakala ya pili, iliyo kwenye kompyuta.
Usiku niliifuta hiyo nayo.
Masikio yangu sikujua niyafanye nini.

Sasa sura ya nne ina pengo
la upana wa nusu ukurasa, na chini yake
jina kamili la mtu na mtaa wake.
Kamati haijajibu.

Na lile kwapa, msomaji,
halikuwa kwapa.

Dakta Shekivuli ameandika pembeni: Fafanua.
Sijafafanua.