Daftari la Dobi

Katiba inasema tulizaliwa tarehe mosi Julai,
siku tulipopewa cheti chenye mhuri.
Si kweli. Mimi ndiye katibu, nilikuwepo.
Tulizaliwa Jumanne moja ya masika, hapa Njoro,
shati la bwana harusi lilipotoka majini
jeupe upande, upande limepata ramani ya kahawia.

Ndelilio alilifua tena. Akalipiga jiweni
mpaka vifungo viwili vikaruka.
Akateka maji kiganjani, akanusa, akayamwaga.
"Haya si maji. Hii ni dizeli iliyopotea njia."

Tukapanda na mkondo, watu watano, suruali tumekunja:
Ndelilio, mimi, Aikaruwa muuza ndizi mshare,
Kiwelu mlinzi wa usiku aliyepaswa kuwa amelala,
na Haikaeli wa darasa la sita, aliyetoroka hesabu.
Nyuma ya mivule gereji ilikuwa imechimba mtaro
ikiuomba mto uimezee siri.
Na visiki. Haikaeli alivihesabu kwa kidole:
kumi na saba, vingine bado vinatoa machozi.
Hesabu alizozitoroka zilimngoja huko.

Kikao cha kwanza tulikalia ndoo zilizopinduliwa.
Karatasi hatukuwa nayo. Nikaandika kwenye daftari la nguo:

    Mashati 4, Mwalimu Mshana. Shuka 2, za gesti.
    Imeazimiwa: maji yarudishwe yalivyokuwa.
    Suruali 1, kijivu. Mfukoni shilingi mia tano, amerudishiwa.
    Imeazimiwa: ovaroli za gereji hazifuliwi.

Wakatucheka.
Wiki ya tatu ovaroli zilisimama zenyewe
bila mtu ndani yake,
na wake wa mafundi wakaja kutusikiliza.
Siku ile peke yake tuliandikisha kumi na wanne.

Temba, mwenye gereji, alikuja jioni
ameshika jani la masale.
Kwetu jani hilo likishafika mlangoni, ugomvi huketi.
Ndelilio akalipokea kwa mikono miwili,
lakini hakuingia nalo ndani. Alishuka akalichomeka ukingoni.
"Mimi nimekusamehe. Mto bado haujasema."

Likashika. Tukachomeka la pili, la arobaini,
mpaka chemchemi ikavaa ukanda wa kijani
ambao hata mbuzi wa jirani huuzunguka.

Kisha tukakua, na kukua kuna njaa yake.
Zikaja shule, ikaja kwaya, wakaja watu wa mifongo ya juu
waliogombania zamu ya maji tangu enzi za babu zao,
wakakaa benchi moja, kila mmoja na jembe lake, kwa tahadhari.
Kisha ukaja mradi.
Mradi ukaleta gari, gari likaleta dereva,
dereva akaleta habari za posho,
posho ikaleta wanachama ambao sijawahi kuona magoti yao.
Tuna nembo sasa: mlima, tone, mikono.
Mlima wa kwenye nembo una theluji kuliko ule wa dirishani.

Ndelilio hakuja mkutano mkuu wa hotelini.
Ada alituma, sarafu zenye unyevu ndani ya kitambaa.
"Nyie zungumzeni," alisema. "Mimi nina mashuka."

Jana mgeni wa mradi aliniuliza
kipimo chetu cha mafanikio ni kipi.
Nilipekua mafaili ya bluu, mafaili ya njano,
nyuma kabisa nikakuta lile shati.
Bwana harusi hakulifuata tena; alioa kwa la kuazima.
Sikumjibu. Nilishuka nalo mtoni, viatu mkononi,
yeye nyuma yangu akiteleza na kompyuta yake kifuani,
nikalizamisha, nikaliwekea jiwe.

Doa halijatoka. Halitatoka.
Lakini tulisimama pale, maji yakitufika kiunoni,
na tukaliona vizuri, pembe zake zote,
hadi chini kabisa, juu ya changarawe.