Upande wa Ndani wa Nguo

Tandika, Jumapili, saa kumi alasiri.
Vyumba sita, mita moja.
Bi Siwatu kaita kikao uani,
kati ya beseni la dagaa na kamba ya kuanikia.
Umeme wa elfu ishirini umekwisha siku ya tisa.

Akaanza Kunambi, mlinzi wa usiku,
macho mekundu ya kutwa kukosa usingizi:
"Mie nasema kweli. Tangu ahamie huyu binti,
uniti hazikai. Kaja mwezi wa tatu,
na mwezi wa tatu ndipo balaa lilipoanza."
Vichwa vikaitikia.
Nami nikahesabu kimya: mwezi wa tatu
ndipo masika yalipoanza,
ndipo jogoo wa jirani alipokufa,
na ndipo wewe, kaka, ulipoleta friji ya mtumba
inayokoroma kwa niaba yako ukiwa lindoni.
Sikusema. Bado.

"Ana cherehani," akadakia Mama Zuhri.
"Cherehani mashine. Mashine hula umeme.
Hata mtoto anajua."
Nzuri. Imenyooka, imepigwa pasi.
Ila mimi ni fundi, nguo siiamini kwa mbele.
Naigeuza, naitazama mishono,
naivuta kwapani, panapochanika kwanza.
Mashine hula umeme: zote?
Yangu hula miguu.
Nikavua kandambili, nikawaonyesha nyayo.

Kwingine hoja ingezikwa hapo.
Kwetu ilibadilisha kanga tu, ikarudi.

"Hana mume, hana mtoto. Bajeti ataijulia wapi?"
Nikauliza kama mita husoma cheti cha ndoa.

"Lisemwalo lipo," akasema Erasto, wa chuo, wa chumba cha nne,
"kama halipo, laja."
Methali gani hii, iliyojiwekea mlango wa uani!
Likiwepo, imeshinda. Lisipokuwepo, tungoje.
Nikamwomba awataje hao wasemao.
Akataja wawili. Mmoja ni yeye.

Kisha Bi Siwatu, mwenye nyumba, taratibu:
"Leo nimwachie huyu. Kesho wote mtaleta majiko ya umeme.
Keshokutwa uani kwangu kiwanda cha mabati."
Kutoka kanyagio hadi kiwanda:
ngazi ndefu, na vipandio vya kati vyote vimeng'olewa.
"Basi chagua. Ulipe nusu, au uhame."
Kana kwamba kati ya nusu na kuhama
hapana hata kichochoro cha kupitisha baiskeli.

Hapo nikawaka.
"Friji!" nikasema. "Friji ya Kunambi!
Mtu aliyeshindwa kulipa vocha ya buku
tangu mwezi jana, friji yake ndiyo iwe na adabu?"
Uani pote kicheko. Wakakubali wote,
haraka, kama watu waliochoka kukaa kwenye ndoo.
Kunambi akainama, akachezea kamba ya kiatu.

Usiku sikulala.
Nikaigeuza na yangu, ndani nje.
Vocha na friji, zimeungwa wapi?
Hapakuwa na mshono. Palikuwa na pini,
na pini yenyewe ni hasira.
Na hesabu ya mwezi wa tatu niliyomcheka nayo,
si ndiyo niliyomkatia yeye, kwa kipimo kilekile?

Asubuhi nikamgongea, anatoka lindoni, bado na koti.
Nikamwomba radhi ya vocha. Akasema, "Lakini ni kweli nadaiwa."
Nikasema, "Ni kweli. Ila haihusu."
Akanitazama kama niliyemrudishia chenji iliyozidi.

Tukachukua daftari la Erasto.
Tukazima kimoja kimoja: pasi ya Mama Zuhri,
redio, feni, taa ya choo,
mwisho friji, ikashusha pumzi, ikanyamaza.
Vyumba sita, kimya. Hakuna kilichowaka.

Na pale ukutani taa nyekundu ya mita
ikaendelea kukonyeza.

Kunambi akafumbua mdomo, kidole tayari
kimeelekea ukuta wa Bi Siwatu.
"Subiri," nikamwambia.
"Kwanza tuufuate waya."