Chozi kwenye Mshubiri

Wa kwanza niliuua kwa mapenzi:
kila alfajiri kopo, kila magharibi kopo,
nikiuonea huruma kwa jua la Mabela,
hata mizizi ikaoza kama ndizi iliyosahauliwa mfukoni.

Wa pili niliununua Barka, riali moja na baisa mia mbili.
Mojibur wa kitaluni aliuchomoa, akaukung'uta,
akaniwekea kiganjani mizizi mitupu.
"Mama, huu usiuhurumie," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
"Mchanga wa wadi, kokoto, jua. Maji siku ukikumbuka.
Ukikumbuka sana, sahau."

Nikaenda wadini na ndoo na goti langu bovu,
nikachekecha kokoto kwa chekeche la unga,
lile ambalo mama alitoka nalo Wete
ndani ya sanduku la kanga mbili na cherehani.
Dumu la maji ya kunywa nikalikata shingo,
nikalitoboa tako matundu saba kwa msumari wa moto.

Umm Hamed alichungulia juu ya ukuta.
Kwake majani ni zulia la msikiti,
bili ya maji ndefu kama hotuba ya Ijumaa.
"Mti wa makaburini huo. Uweke nje ya geti."
Nikauweka chini ya kiyoyozi,
halafu nikauhamisha,
maana kiyoyozi nacho hudondosha huruma, tone tone, usiku kucha.

Julai. Nyuzi arobaini na saba.
Geti halishikiki, bomba la maji baridi linatoa chai.
Mlimau ukajikunja, asumini ikakauka na vitumba vyake.
Mshubiri ukageuka rangi ya kutu, ukajifumba
kama mtu aliyesikia neno baya
akaamua kutolijibu.
Shubiri, subiri: mama hakuyatenganisha kwa ulimi,
sikujua lini ananituma mtini, lini ananikanya.
Mara tatu nilitoka na kopo.
Mara tatu nikarudi nalo ndani, maji nikayanywa mimi.

Mwaka huo, na uliofuata, hakuna ua.

Kisha Shinuna akaja na mwanawe.
Azzan, miaka miwili, meno kamili, maneno kamili,
na bado anafungua kifua cha mamake kama friji.
"Mama, nifanyeje?"
Nikakata jani la chini kwa kisu cha vitunguu.
Utomvu wa njano ukachuruzika.
Ndivyo nilivyoachishwa mimi, ndivyo alivyoachishwa mama,
kidole kimoja, kupaka, basi:
dunia ina ladha mbili, mwanangu, hiyo ya pili.

Mtoto akanyonya. Akaacha. Akamtazama mamake
kama hakimu amtazamavyo shahidi aliyegeuza maneno.
Akakunja uso wote mpaka masikio.
Akalifuta ziwa kwa mkono wa kanzu yake,
akarudi.
Tulicheka, mimi na Shinuna, mpaka Shinuna akalia.

Kesho yake, Februari, ukungu haujaondoka mitaani,
nikaona ufito umesimama katikati ya majani.
Jana sikuuona, au niliuona nikadhani mwiba:
mrefu kama mkono, na maua ya rangi ya bizari
yakining'inia, yanatazama chini kama yanaona haya.
Nami nilikuwa nimepita hapo na kisu, na haja zangu.

Akaja chozi.
Si hili la machoni; yule ndege,
mweusi mpaka jua limguse awe zambarau.
Akaning'inia kichwa chini, akazamisha mdomo
ndani ya mti wenye nyongo kila jani,
akanyonya. Akautoa. Akapinda shingo.
Akarudi.

Azzan, miguu mitupu kizingitini, akanyoosha kidole:
"Bibi, na huyo anaachishwa?"

Kopo lilikuwa jikoni.
Nililiacha huko huko.